"Njoo Uchukue Chako Wakati Wowote": Migogoro ya Fedha ya Jana na Dola za Kwenye Simu

Hotuba kwa mkutano wa viongozi wa vyama vya ushirika wa akiba na mikopo

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, viongozi wa SACCOS mliotoka mikoani: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Barua yenu ya mwaliko ilikuwa na swali moja ambalo limenifurahisha kwa kuwa halikuzunguka. Mmeuliza: je, chama kinaweza kuweka sehemu ya akiba ya wanachama katika dola za kidijitali, zile sarafu ambazo moja inasemekana ni sawa na dola moja, na ambazo vijana wenu wanawaambia hazipandi wala hazishuki? Jibu langu ni hapana. Nimelitoa mapema ili anayetaka kuwahi chai aondoke nalo. Muda uliobaki nitaeleza kwa nini, na sababu zangu sizitoi kwenye kompyuta. Nazitoa kwenye foleni za watu waliokuwa wanadai fedha zao.

Tuanze Uingereza, Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 2007. Jioni iliyotangulia, BBC ilitangaza kwamba benki ya Northern Rock imeomba msaada wa dharura kutoka Benki Kuu ya nchi hiyo. Kulipokucha, wateja walikuwa wamejipanga nje ya matawi, wengi wao wastaafu. Uingereza haikuwa imeona benki ikikimbiwa namna hiyo tangu mwaka 1866. Waliojaribu kutoa fedha kwa mtandao wakakuta tovuti imeelemewa.

Benki ile haikuwa imeibiwa. Waliokopeshwa nyumba kwa sehemu kubwa walikuwa wanalipa. Ila ilikuwa na mchezo mmoja: inakopa fedha za muda mfupi kwenye masoko, inazikopesha kwa miaka 25, na ule muda mfupi ukiisha inakopa tena ili ilipe. Agosti mwaka ule wakopeshaji wakaanza kuogopa mikopo mibovu ya nyumba ya Marekani, wakafunga mikono. Benki ikabaki na mikataba ya nyumba za watu, kitu ambacho huwezi kukiuza Jumatatu ili umlipe mtu Jumanne.

Sasa angalieni bima ya amana waliyokuwa nayo wakati huo. Paundi 2,000 za kwanza zililindwa zote, na asilimia 90 ya paundi 33,000 zinazofuata. Mstaafu mwenye paundi 30,000 anakaa mezani na kalamu yake: nikisubiri benki ikafa, nitapoteza paundi 2,800, na hizo nyingine sijui zitafika lini. Nikiamka alfajiri nikapanga foleni, napata zote leo. Magazeti yalisema wale wazee wamepagawa. Mimi nasema walikuwa wanajua hesabu. Jumatatu ya tarehe 17 serikali ikatangaza kuwa amana zote zilizomo benki ile ziko salama, foleni zikaisha. Februari 2008 benki ikataifishwa.

Nyuma ya karibu kila mgogoro wa fedha ninaoufahamu kuna ahadi ya namna hiyo: njoo uchukue chako wakati wowote, kamili, bila kupungua hata senti. Na nyuma ya ahadi kuna mali ambayo yenyewe haiwezi kupatikana wakati wowote, kamili, bila kupungua hata senti. Siku watu wote wanapotambua jambo hilo kwa pamoja, ndiyo siku ya foleni.

Kisa cha pili ndicho ningependa mkikumbuke kuliko vyote, kwa sababu sarafu mnazoniuliza zimejengwa kwa ramani ileile. Marekani kulikuwa na mfuko wa uwekezaji wa pamoja ulioitwa Reserve Primary Fund, wa jamii ya ile mifuko ya ukwasi ambayo wengi wenu mnaifahamu. Kampuni iliyouendesha ndiyo iliyoanzisha aina hiyo ya mifuko nchini mwao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kipande kimoja ni dola moja, leo na kesho, na ukitaka kutoka unapewa dola yako. Ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 62. Katika hizo, dola milioni 785 zilikuwa zimewekwa kwenye hati za madeni za Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani. Hiyo ni kama asilimia 1.2 ya mali yote, kiasi ambacho mhasibu wa kawaida hawezi kukikosea usingizi.

Lehman iliomba ufilisi Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2008. Jumanne jioni mfuko ukatangaza kwamba kipande chake sasa ni senti 97. Kufikia hapo wenye vipande walikuwa wamekwisha kuomba kutoa takriban dola bilioni 40.

Tusimame hapo kidogo, maana ndipo penye utamu wa somo. Hasara ya zile hati za Lehman ilikuwa senti moja na ushee kwa kila dola. Waliotaka kukimbia walikuwa na karibu theluthi mbili ya fedha zote. Na mwisho wa yote, baada ya miaka ya kesi na mgawanyo, wawekezaji walirudishiwa zaidi ya senti 99 kwa kila dola. Sasa hofu yote ile ilikuwa ya nini? Haikuwa ya senti moja. Ilikuwa ya kujua kwamba anayetangulia mlangoni anapewa dola nzima, na kwa hiyo hasara ya wote inawaangukia waliochelewa. Kama kipande kingekuwa na bei inayopanda na kushuka kama hisa za soko letu la Dar es Salaam, hasara ya asilimia moja ingebaki kuwa hasara ya asilimia moja. Mtu angekunja uso, akaendelea na shughuli zake. Ile ahadi ya bei isiyotikisika ndiyo iliyogeuza upele kuwa jipu.

Hofu ikahamia mifuko mingine ambayo haikuwa na karatasi hata moja ya Lehman. Tarehe 19 Septemba, Wizara ya Fedha ya Marekani ikasimama mdhamini wa mifuko ya aina hiyo. Mkumbuke ni nani aliyesimama: serikali, yenye mamlaka ya dola yenyewe.

Wiki sita baadaye, tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kikundi cha watu waliojiita Satoshi Nakamoto wakatoa andiko la kurasa chache linaloeleza bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyosimamiwa na benki wala serikali. Tarehe 3 Januari 2009 daftari la kwanza la sarafu hiyo likafunguliwa, na ndani yake kukaandikwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kuhusu waziri wa fedha wa Uingereza kukaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Hasira ile naielewa, na mtu aliyepoteza nyumba yake huku akiona mabenki yakiokolewa kwa kodi yake sina la kumwambia.

Nataka mtofautishe vitu viwili. Bitcoin haikuahidi bei. Ukiinunua leo, kesho inaweza kuwa nusu, na uliingia ukijua. Inaweza kukufilisi, ila haiwezi kuvunja ahadi ambayo haikuitoa. Lakini watu wakataka utulivu. Wakataka sarafu inayopita kwenye mtandao kwa wepesi wa bitcoin huku ikikaa kwenye dola moja. Ndipo zikaja hizi tunazoziita sarafu thabiti, USDT, USDC na nyinginezo. Kampuni inapokea dola yako, inakupa sarafu, dola inaiweka mahali, na inakuahidi kwamba ukirudisha sarafu utapewa dola. Waliokimbia benki wakajenga benki, wakakataa tu kuiita hivyo.

Wala fedha ya kampuni binafsi si jambo jipya. Kati ya mwaka 1837 na 1863 majimbo mengi ya Marekani yaliruhusu benki binafsi kutoa noti zao, kila noti ikiahidi kubadilishwa kwa dhahabu au fedha. Katika jimbo la Michigan wakaguzi walipita kuhesabu dhahabu iliyopo, na inasimuliwa kwamba dhahabu ileile ilikuwa inasafirishwa usiku kutoka benki moja kwenda nyingine ikawasubiri wakaguzi huko, na masanduku mengine yalikuwa na sarafu juu, misumari chini. Niliposoma uamuzi wa Oktoba 2021 wa tume ya Marekani inayosimamia biashara ya bidhaa za mikataba ya baadaye, nilikumbuka misumari ile. Tume iliitoza Tether, kampuni ya USDT, faini ya dola milioni 41, ikieleza kwamba katika kipindi cha miezi 26 kati ya 2016 na 2018, akiba iliyotosheleza sarafu zote ilikuwepo kwa asilimia 27.6 tu ya siku. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo leo. Siku hizi kampuni hiyo inasema sehemu kubwa ya akiba yake iko katika dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani, na biashara yake imekua mno. Nasema kwamba mteja wa 2017 aliambiwa dola moja kwa moja, akaamini, na hakuwa na njia ya kuhesabu.

Na yule aliyehesabika je? Hapa ndipo kisa kinaponoga. USDC ndiyo iliyokuwa inasifiwa kwa uwazi. Akiba yake ilikuwa dola benki na dhamana za serikali, hakuna mazingaombwe. Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2023 benki ya Silicon Valley ikafungwa na wasimamizi. Usiku ule Circle, kampuni inayotoa USDC, ikatangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC, kati ya takriban bilioni 40, zimekwama humo. Asilimia 8. Jumamosi sarafu iliyoahidiwa kuwa dola moja ikawa inauzwa chini ya senti 88. Soko kubwa la Coinbase likasimamisha kubadilisha USDC kwa dola mpaka Jumatatu, kwa sababu benki zimefungwa wikiendi. Sarafu hailali, benki inalala, na katikati ya hayo mawili kuna mtu ameshika simu saa tisa usiku anaangalia akiba yake inayeyuka.

Ni nini kilichoiokoa? Jumapili ya tarehe 12 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wenye amana zote za benki ile watalipwa, hata zile zilizozidi kikomo cha bima cha dola 250,000. Jumatatu USDC ikarudi kwenye dola yake. Sarafu iliyozaliwa katika ukoo wa waliosusia uokoaji wa benki iliokolewa na uokoaji wa benki. Sina chuki na watu wa Circle, walieleza hali yao waziwazi na usiku uleule. Lakini mtu akija ofisini kwenu akasema sarafu hizi haziguswi na matatizo ya mabenki, mkumbusheni wikiendi hiyo.

Kuhusu mradi wa sarafu wa Terra sitachukua muda mrefu, maana kwa Mtanzania kisa chake hakihitaji mkalimani. Ilikuwa na sarafu iliyoitwa UST ambayo nyuma yake hapakuwa na dola. Palikuwa na sarafu nyingine ya kampuni hiyohiyo, Luna, na hesabu ya kompyuta ya kubadilishana moja kwa nyingine. Aliyeweka UST kwenye mpango wao wa akiba alipewa riba inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka. Mei 2022 watu walianza kutoka, hesabu ikachapisha Luna kwa mabilioni kuwalipa, na ndani ya siku chache zote mbili zikawa karibu na sifuri, takriban dola bilioni 40 zikapotea kwenye vitabu vya watu. Mwasisi wake, Do Kwon, alikiri makosa mbele ya mahakama ya New York mwaka 2025. Sisi tulikuwa na upatu wa DECI mwaka 2009, mtu "anapanda mbegu" na kusubiri "kuvuna". Wenye umri wangu humu ukumbini wanajua nani alivuna.

Na FTX nayo niitaje kwa sentensi mbili tatu. Soko hilo la sarafu lilifilisika Novemba 2022, na John Ray, mtaalamu aliyewahi kushika ufilisi wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, alieleza mahakama kwamba hakuwahi kuona uendeshaji mbovu kiasi kile. Malipo ya kampuni yalikuwa yanaidhinishwa kwa emoji kwenye kundi la mazungumzo. Teknolojia iliyotangazwa kwamba ni daftari ambalo halifutiki ilikuwa inauzwa na duka lisilo na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kanga zetu zilikwisha kusema.

Tuje kwenye kasi. Watu wengi wanasema kukimbiwa kwa benki kupitia simu kulianzia Marekani mwaka 2023. Wenzetu wa Kenya wanajua si kweli. Aprili 2016 Chase Bank ya Nairobi ilitoa hesabu zilizorekebishwa, zikionyesha mikopo kwa watu wa ndani ya benki mikubwa kuliko ilivyotangazwa awali. Mwenyekiti na mkurugenzi wake wakajiuzulu. Taarifa zikaruka WhatsApp na Twitter, kweli zikichanganyika na uzushi, watu wakatoa fedha, na tarehe 7 Aprili benki ikafungwa. Ilifunguliwa tena tarehe 27 mwezi huohuo chini ya usimamizi wa benki ya KCB.

Miaka saba baadaye ikawa zamu ya Silicon Valley. Alhamisi moja, tarehe 9 Machi, wateja waliomba kutoa dola bilioni 42, na Ijumaa asubuhi maombi mengine ya bilioni 100 yalikuwa yamepangwa, katika benki yenye amana zisizofika bilioni 180. Mlinganishe na Washington Mutual ya mwaka 2008, benki kubwa kuliko hiyo, ambayo kabla ya kufungwa ilitolewa bilioni 16.7 kwa muda wa siku kama kumi. Foleni ya miguu, kwa adha zake zote, ilikuwa inampa gavana nafasi. Anaita watu Ijumaa jioni, wanakesha, Jumatatu asubuhi wana jibu. Northern Rock iliokolewa na wikiendi. Sarafu ya kidijitali haina wikiendi, haina saa ya kufunga, na haina msichana wa kaunta wa kuhesabu noti taratibu kwa makusudi.

Kwa haki niseme kwamba Marekani haikukaa kimya. Julai 2025 ilipitisha sheria inayoitwa GENIUS. Kwa sheria hiyo kampuni inayotoa sarafu thabiti inatakiwa iwe na akiba ya dola kwa dola, katika fedha taslimu, amana za benki na dhamana za serikali za muda mfupi, itangaze akiba hiyo kila mwezi, na isiwalipe wenye sarafu riba. Ni hatua nzuri. Lakini someni tena: amana za benki. Kile kilichoibana USDC bado kinaruhusiwa. Na bima ya amana haimo.

Nyumbani kwetu tuna kitu ambacho tunakidharau kwa kukizoea. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, miezi sita kabla ya foleni za Northern Rock. Hiyo nayo ni ahadi ya "njoo uchukue chako". Lakini sheria zetu, na hapa Tanzania ni Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, zinataka kila shilingi iliyo kwenye simu iwe na shilingi yenzake katika akaunti ya udhamini benki. Kampuni ya simu hairuhusiwi kuikopesha wala kuinunulia minara. Wakala wa pale stendi akiishiwa fedha taslimu unavuka barabara kwa mwingine. Tukikosana, msimamizi yuko Dar es Salaam na mahakama iko hapahapa. Na bado hata mfumo huo una ule mlango wa USDC: hizo shilingi ziko benki, na benki huanguka. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na miongoni mwao ilikuwepo benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Bima wakati ule ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Aliyekuwa na milioni 10, milioni nane na nusu zikaenda kusubiri mali za benki ziuzwe. Leo kikomo ni milioni 7.5, na kwa mtu binafsi hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa chama chenye akiba ya wanachama mia nane, piga hesabu mwenyewe.

Sasa mhazini wa chama ananiambia: lakini mwalimu, shilingi inashuka, na dola ya kidijitali inabaki dola. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Mwaka 2023 na 2024 dola zilikuwa adimu nchini, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa na mzigo Guangzhou alihangaika. Kutuma dola 200 kuja kusini mwa Sahara kunakula takriban asilimia 8 kwa njia za kawaida. Anayepitisha USDT kwa saa mbili ili mzigo utoke, hatari yake ni ya saa mbili. Chama kikiziweka mwaka mzima, kimebeba hatari ya kampuni, ya benki za kampuni, ya wizi wa mtandao na ya sheria za nchi nyingine kwa mwaka mzima, bila kulipwa riba ya kubeba hatari hiyo. Anayelipwa ni kampuni, inayokaa na dola zenu kwenye dhamana za serikali ya Marekani ikila riba yake. Na jambo likiharibika mtadai wapi? Mwanachama wa Karagwe atamwona Mrajisi wa Vyama vya Ushirika. Mrajisi atamwona nani?

Hatari inayoninyima usingizi, hata hivyo, ni pana kuliko chama kimoja, na kuieleza lazima twende kwa jirani. Januari 1993, katika Zaire ya Mobutu, ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema noti hiyo si halali. Wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa. Wanajeshi walikuwa wamelipwa mishahara kwa noti hizohizo, wakaenda dukani, wakarudishwa, wakachukua bunduki wakapora mji. Watu wengi walikufa, akiwemo balozi wa Ufaransa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na watu wa Kasai wakagoma kuipokea, wakaendelea na noti zao kuukuu. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo. Lakini imani ilikuwa imeondoka, na mpaka leo Lubumbashi au Goma kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, amana nyingi za benki ni za dola, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni inarudishwa kwa dharau.

Jirani zetu hawakuikimbia fedha yao kwa kupenda. Walifukuzwa. Lakini wanaijua bei ya kuishi kwa fedha ya mwingine: benki kuu haiwezi kuchapa dola, kwa hiyo benki yenye amana za dola ikikimbiwa, hakuna wa kuikopesha usiku ule. Thailand nayo ilijifunza kwa upande wa madeni. Kampuni zilikopa dola zikiwa zinaingiza bahti, fedha ya kwao. Tarehe 2 Julai 1997 bahti ikaachiwa ijitafutie bei sokoni, ikaanguka kutoka 25 kwa dola hadi zaidi ya 50 mwanzoni mwa 1998, na deni la aliyekopa likawa maradufu bila kukopa tena.

Kongo ilichukua miaka kuingia kwenye dola kwa sababu dola ya karatasi lazima ibebwe, ivushwe mpaka, ifichwe chini ya godoro. Dola ya kwenye simu inavuka kabla sijamaliza sentensi hii. Katikati ya mwaka 2025 sarafu thabiti duniani zilikuwa zimevuka thamani ya dola bilioni 250, na karibu zote ni za dola. Watu wakianza kuhamisha akiba zao kidogo kidogo, benki zetu zitakosa amana za shilingi za kukopesha, na hakuna atakayeona foleni popote.

Ndugu Mwenyekiti, serikali yetu imegusa jambo hili kwa vipande. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tahadhari kwamba sarafu hizi hazitambuliwi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwa hiyo mkusanya kodi amefika kabla ya mlinzi. Kenya wamepitisha sheria ya watoa huduma wa mali hizi Oktoba 2025, na ni vyema wanasheria wenu waisome. Na tangu tarehe 28 Machi 2025 tuna kanuni zinazokataza kutaja bei za bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni humu nchini.

Kanuni hiyo naiunga mkono. Afisa anaweza kuingia dukani, akaona bei imebandikwa kwa dola, akaandika faini. Sasa waheshimiwa kutoka Benki Kuu mko mstari wa mbele hapa, na mimi nina muda mchache uliobaki, basi naomba niwaachie swali mtujibu baada ya chai. Mwenye nyumba na mpangaji wake wakikubaliana kodi kwa USDT, ikatoka simu hii kuingia simu ile, risiti hakuna, benki haikuhusika, kampuni ya simu haikuhusika: kanuni ya Machi 2025 inamfikia nani pale? Na kama haimfikii mtu, mpango wenu ni upi kabla wapangaji hao hawajawa laki moja? Ahsanteni kwa kunisikiliza.